American Ninja (1985): filamu iliyojikuna ilipojipata

Mtu anayefikiria kuitazama American Ninja leo atauliza kwanza kama inastahili dakika zake 95. Inastahili, mradi ajue analipia nini. Analipia mapigano ya mchana kweupe, malori yanayoteketea, maninja wanaodondoka mitini kama embe za msimu, na rafiki wa staring anayemzidi staring mwenyewe kwa karibu kila kitu. Halipii hadithi. Hadithi imewekwa ili watu wapate sababu ya kurushiana mateke.

Bajeti yake hutajwa kuwa karibu dola milioni 1. Kumbi za Marekani peke yake ziliingiza zaidi ya milioni 10, kabla hujagusa mikanda ya video iliyosambaa dunia nzima. Mtu hujikuna ajipatapo, na hicho ndicho kipimo tunachokitumia hapa. Kila mahali filamu hii ilipokubali kwamba haina hela, inapendeza. Kila ilipojifanya inazo, inachekesha.

Kisa kwa haraka: Joe Armstrong (Michael Dudikoff) ni askari wa Marekani aliye kambini Ufilipino, asiyekumbuka utoto wake. Msafara wa malori ya jeshi unavamiwa, maninja wanaibuka msituni, na Joe anawashughulikia kwa bisibisi na chuma cha kufungulia matairi. Anamwokoa Patricia, binti wa kanali, na badala ya kupewa asante analaumiwa kwa wenzake waliokufa. Tajiri aitwaye Ortega anaiba silaha za jeshi na kuziuza, maninja ni jeshi lake, na ndani ya kambi wapo wanaokula naye sahani moja. Shambani kwa Ortega kuna mtunza bustani wa Kijapani ambaye, kwa bahati inayopatikana kwenye filamu tu, ndiye aliyemlea Joe na kumfundisha. Umemaliza. Hakuna kitakachokupita ukienda kuchemsha chai wakati wanaongea.

Kuielewa filamu hii lazima ujue kiwanda kilichoitoa. Menahem Golan na Yoram Globus, mabinamu kutoka Israel, waliinunua kampuni ya Cannon mwaka 1979 kwa bei inayotajwa kuwa karibu dola laki 5. Biashara yao waliianzia mwisho. Kwanza walipata jina la filamu. Kisha walichora bango: mtu, silaha, moto nyuma yake. Wakaenda na bango hilo kwenye soko la filamu la Cannes, mara nyingine hata mswada haujaandikwa, wakauza haki za kuonyesha na za video nchi baada ya nchi. Mikataba hiyo waliipeleka benki kama dhamana. Jina la kukumbuka hapa ni Frans Afman wa Crédit Lyonnais nchini Uholanzi, mtu wa benki aliyezoea kukopesha watengenezaji wa filamu kwa mikataba ya mauzo ya mbele. Kamera iliwashwa baada ya hayo yote.

Utaratibu huo una uzuri wake. Kampuni ikishauza bango, haimwogopi mtu, kwa hiyo mawazo ambayo studio kubwa ingeyacheka yalipita: roho ya ninja inamwingia fundi wa simu wa kike, kwa mfano, na hiyo ni Ninja III ya mwaka 1984, wala hatutanii. Ubaya wake ni kwamba filamu iliyokwisha kuuzwa haina mtu wa kuisumbua irekebishwe. Mnunuzi wa video wa Ugiriki alitaka dakika 90 hivi zenye bango lile lile aliloliona. Akizipata, mkataba umetimia. Ndiyo maana makosa mengi kwenye filamu za Cannon si ya kutojua kazi. Ni ya kazi iliyoachwa ilipofikia kwa sababu kurudi uwandani kesho yake kungekula faida iliyokwisha kupatikana.

Mpangilio nao ulikuwa wa kibiashara. Missing in Action ya Chuck Norris ilitengenezwa sambamba na mwenzake, na ile iliyokusudiwa kuwa ya kwanza ikaonekana dhaifu. Walichofanya ni kutoa ya pili kwanza, Novemba 1984, miezi michache kabla ya Rambo ya pili, kisha ile ya kwanza wakaiita "mwanzo" na kuitoa 1985. Watazamaji hawakulalamika.

Sasa turudi kwa ninja wetu. Mwongozaji ni Sam Firstenberg, ambaye tayari alikuwa amewatengenezea Cannon Revenge of the Ninja, Ninja III na filamu ya wacheza densi ya breakdance, Breakin' 2. Alijua kila senti inaonekana wapi. Ufilipino ulichaguliwa kwa sababu zinazoeleweka: msitu uko karibu na mji, ujira ulikuwa chini, na mafundi wa huko walikuwa wameshazoea kazi za Wamarekani tangu miaka ya 70. Apocalypse Now ilipigwa huko huko, kwa helikopta zilizoazimwa jeshini.

Fikiria gharama ya mkanda wenyewe. Rola moja ya milimita 35 yenye futi 1,000 inatoa dakika 11 tu za picha. Ukipiga dakika tano kwa kila dakika moja itakayobaki, filamu ya dakika 95 inakula rola zaidi ya 40, na kila moja inanunuliwa, inasafishwa, inachapishwa. Mwongozaji wa studio kubwa anaweza kurudia tendo mara 20. Wa bajeti hii anarudia mara mbili au tatu, kisha anahamisha kamera. Matokeo yake yanaonekana: picha pana, kamera imetulia, watu wanaonekana kuanzia kichwani hadi miguuni. Ukitoka kwenye filamu za leo, ambazo ngumi moja imekatwa vipande vinne na kamera inatetemeka kama ina homa, macho yako yatashukuru. Hapa unajua nani kampiga nani, na wapi.

Dudikoff hakuwa mpiganaji alipopewa kazi hii. Alikuwa na mwili wa michezo na uso wa kunyamaza. Aliyepanga mapigano ni Mike Stone, bingwa wa karate wa Marekani aliyeleta wazo la filamu za ninja Cannon tangu Enter the Ninja ya 1981. Dawa yake kwa staring asiyejua kupigana ina hatua chache na unaweza kuzihesabu ukitazama. Dudikoff anapewa mapigo mawili au matatu, halafu mkato. Adui ndiye anayefanya kazi ngumu: yeye ndiye anayeruka, anayepinduka, anayeanguka, na anguko zuri humfanya aliyepiga aonekane mkali. Wakati wa pambano la mwisho Joe anavaa nguo nyeusi na kufunika uso, na kuanzia hapo yeyote mwenye mafunzo anaweza kuwa ndani ya ile nguo.

Hilo la nguo lina uchumi mkubwa kuliko linavyoonekana. Ninja hana uso, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kufa asubuhi, akafa tena mchana, na jioni akaanguka kutoka ukutani bila mtazamaji kumtambua. Watu 12 wanakuwa 60. Tena nguo nyeusi haionyeshi damu, na damu ya sinema ni gharama. Mtu akipigwa risasi mbele ya kamera, chini ya shati lake kuna kibamba cha kumkinga, juu yake fataki ndogo, juu yake kifuko cha damu bandia, na waya unaoshuka mguuni hadi kwa fundi mwenye betri. Shati lenyewe limekwaruzwa kwa ndani ili lipasuke kirahisi. Fundi akibonyeza kabla bunduki haijalia, au mwigizaji akisahau kushtuka, shati limeharibika na mkanda umepotea. Ninja aliyekatwa upanga anajikunja tu na kuanguka. Sauti ya upanga inaongezwa baadaye studio.

Tukio bora la filamu nzima liligharimu ndoo. Curtis Jackson, anayechezwa na Steve James, anataka kumwadabisha Joe mbele ya kikosi. Joe anamshinda, kisha anajifunika ndoo kichwani na kuendelea kumshinda bila kuona. Ndani ya dakika chache umejua Joe ni nani, umejua Curtis ni muungwana kwa namna anavyokubali kushindwa, na urafiki utakaobeba filamu umezaliwa. Tena uso ukiwa ndani ya ndoo, huna hata haja ya kujua ni nani anayerusha mateke.

Milipuko nayo ina siri zake. Bomu la kweli hutoa vumbi jingi na moto kidogo. La sinema ni petroli inayorushwa juu kutoka kwenye chungu cha chuma, ndiyo maana unaona mpira wa moto wa rangi ya machungwa wenye moshi mweusi. Askari anayepaa hakurushwa na moto: karibu na chungu pamefichwa springi fupi ya kurukia, na mbele yake kuna maboksi matupu ya kadibodi ya kuangukia. Ukitaka kuiona, tazama miguu. Anayerushwa na kitu hupoteza mpangilio wa miguu, ila anayeruka mwenyewe hukunja magoti kwanza. Kwenye nakala safi utaona magoti yakikunjwa mara nyingi, na hatuoni kama hilo linaharibu kitu. Mtu karuka kweli, moto umewaka kweli, na umbali kati yao ni mdogo kuliko bima ya leo ingeruhusu.

Tumesifu vya kutosha. Filamu inaanguka pale inapotaka kuonekana tajiri. Kiongozi wa maninja, Ninja wa Nyota Nyeusi, anachezwa na Tadashi Yamashita, mtaalamu halisi wa karate na silaha za jadi kutoka Okinawa. Una mtu wa namna hiyo, utamfanyia nini? Utamwacha apigane, ungedhani. Cannon wakamfunga mkononi kifaa cha kurusha miali ya leza. Pambano la mwisho lililopaswa kuwa kilele linageuka mchezo wa kukwepa taa. Shamba la Ortega nalo lina uwanja wa mafunzo wenye maninja wa njano, wekundu na wa bluu wakirukaruka kwenye bustani wazi, kana kwamba kazi ya ninja ni kuonekana. Mapenzi ya Joe na Patricia yameandikwa na mtu aliyekuwa na haraka, na Judie Aronson anapewa kazi ya kupiga kelele zaidi ya ya kuigiza.

Steve James ndiye sababu ya kurudia kuitazama. Alikuwa na mafunzo ya kweli, mwili wa kazi, na uso unaokubali mzaha. Mapigano yake yanaachwa yaende kwa muda mrefu bila mkato kwa sababu hapakuwa na cha kuficha. Alistahili filamu zake mwenyewe. Alifariki mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 41.

Kuhusu yeye kuna jambo ambalo mtazamaji wa Afrika Mashariki hatalipita kimya. American Ninja 2 (1987) na ya 3 (1989) zilipigwa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, ambako wawekezaji wa filamu walipata nafuu kubwa ya kodi, huku Umoja wa Mataifa ukitaka wasanii waisusie nchi hiyo. Katika filamu ya pili pwani ya huko inajifanya visiwa vya Karibi. Mbele ya kamera, Mwamerika mweusi anawapiga Wazungu wabaya na watu wanashangilia. Nyuma ya kamera, sheria za nchi zilikuwa zinajulikana. Watanzania waliozishangilia walikuwa raia wa nchi ya mstari wa mbele dhidi ya ubaguzi huo, na wengi hawakuwa na njia ya kujua zilikotoka. Ya 4, ya mwaka 1990, ilipigwa Lesotho.

Wala haikuwa ajabu kwamba filamu hizi zilipendwa kwenye vibanda vya video vya kwetu. Zilitafsirika. Tanzania alikuwako Lufufu, Kenya yuko DJ Afro, Uganda ma-VJ wana jeshi zima; hao ni wafasiri wanaoisimulia filamu kwa sauti yao juu ya picha, na kazi yao inahitaji nafasi: filamu yenye maongezi mengi inamnyima mfasiri pumzi, lakini Joe Armstrong anaweza kukaa dakika tatu bila kusema neno. Hapo mfasiri anampa jina jipya, anampa mawazo, anamtukana adui kwa niaba ya ukumbi. Na staring hafi, kwa hiyo anayetafsiri hawezi kunaswa na mwisho asioutarajia. Kule Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. ameuchukua mtindo huo mzima: kwenye Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 sauti ya VJ Emmie imo ndani ya filamu, ikiwasindikiza makomando kwa kelele.

Ukiipenda hii, fuata njia hii. Revenge of the Ninja (1983) ina mapigano bora kuliko American Ninja, tusidanganyane; Sho Kosugi alikuwa anajua anachokifanya na pambano la juu ya ghorofa linatosha kulipia muda wako. Bloodsport (1988) ya Van Damme inasimama kwa mashindano yaliyopangwa vizuri na kwa kifua cha Bolo Yeung. Invasion U.S.A. (1985) ina nyumba za kweli zinazolipuliwa, kwa kuwa karibu na uwanja wa ndege wa Atlanta palikuwa na mtaa uliokwisha kupangiwa kubomolewa, na Cannon wakaomba wabomoe wao. Cyborg (1989) ilitengenezwa kwa mandhari na mavazi yaliyokwisha kuandaliwa kwa filamu nyingine zilizofutwa. Umaskini wake unaonekana, lakini ni umaskini unaofanya kazi.

Linganisha na Superman IV ya 1987. Bajeti ilikatwa hadi karibu dola milioni 17, mji wa Milton Keynes wa Uingereza ukavishwa ubao wa kuwa New York, na Superman anatujia usoni kwa picha moja ileile iliyorudiwa mara kadhaa. Milioni 17 ni mara nyingi zaidi ya American Ninja, ila mtu anayeruka angani hawezi kuigizwa kwa ndoo.

Jihadhari na maninja wa kuunganishwa. Godfrey Ho wa Hong Kong alikuwa anachukua filamu ya Asia isiyojulikana, anapiga vipande vichache vya Mzungu na maninja, kisha anazishona pamoja kwa sauti mpya. Ninja Terminator (1985) ni ya kundi hilo. Utazitambua hivi: ninja na watu wa hadithi hawaonekani kamwe kwenye picha moja, wanaongea kwa simu tu, na rangi ya mkanda inabadilika kila wanapokata. Zinafurahisha ukiwa na watu watano sebuleni. Ukiwa peke yako, ziache.

Kuhusu nakala. American Ninja ilipigwa kwa umbo la 1.85:1, yaani picha pana. Mikanda ya zamani ya video iliigeuza iwe mraba ili ijae kwenye televisheni, na mara nyingi mmoja wa wapiganaji wawili anakatwa pembeni. Mikanda na DVD za mfumo wa PAL, uliotumika kwetu na Ulaya, huendesha fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo dakika 95 zinakuwa 91 na sauti zinapanda kidogo. Ukiona DVD imeandikwa dakika 91, si lazima iwe imekatwa. Blu-ray inakwenda kwa mwendo wa asili. Nakala za bure mtandaoni mara nyingi zimegeuzwa kushoto kulia au kuongezwa kasi ili zisinaswe. Tazama maandishi kwenye malori, yakisomeka kinyume funga. Hifadhi kubwa ya filamu za Cannon iko MGM, iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2022, kwa hiyo anzia huko kutafuta nakala halali, ukijua kwamba orodha hutofautiana kwa nchi.

Kama unanunua seti nzima, thamani iko kwenye ya 1 na ya 2. Ya 3 ina David Bradley badala ya Dudikoff, mpiganaji mzuri asiye na mvuto wowote, na Steve James anaibeba mgongoni. Ya 4 inawaleta Dudikoff na Bradley pamoja bila James, na pengo lake linaonekana. Ya 5, ya mwaka 1993, ilitengenezwa kama filamu nyingine ikabadilishwa jina baadaye. Hiyo usiilipie.